Hodi Kwenye Bustani ya Umma

Mwavita yumo katika picha nyingi za harusi za Kinama. Ingia nyumba yoyote ya mtaa wetu, omba uonyeshwe albamu, utampata. Yuko pembeni, ameshika sinia la glasi au jagi la maji ya kunawa, na mara nyingi nusu ya uso wake imekatwa na ukingo wa picha. Katikati wako wenye harusi, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe. Mwavita amewapikia watu hao, amewaimbia, amewaoshea vyombo. Nyumbani kwake, juu ya kabati, ukuta ulikuwa mtupu.

Mimi ni jirani yake tangu nilipomaliza chuo kikuu na kupata kazi ya kufundisha jiografia katika shule moja ya huku kaskazini mwa Bujumbura. Ukuta wa matofali ya udongo unatenganisha chumba changu na jiko lake, kwa hiyo mengi ninayoyaandika hapa sikuyatafuta, yalinifikia yenyewe. Anauza unga wa muhogo sokoni. Alivuka mpaka kutoka upande wa Uvira akiwa binti mdogo, ameshika upindo wa kitenge cha mama yake, na hajarudi kukaa huko. Hapa Kinama alikutana na Anselme, fundi mwashi, Mkongomani kama yeye. Wakaanza kuishi pamoja, wakamzaa Benite, ambaye sasa ana cherehani yake na wateja wake. Harusi hawakufanya. Mwanzo kulikuwa na vita, baadaye ukaja msiba, halafu kila walipojikusanya akatokea ndugu au jirani anayeoa, na kwetu huwezi kupika wali wa harusi yako huku umeshindwa kuchangia ya mwenzako. Miaka ikaenda.

Jambo hilo liliwauma zaidi kanisani. Kanisa lao haliwapi meza ya Bwana watu wanaoishi bila kufunga ndoa. Kila mkate ulipopitishwa, Mwavita, ambaye jana yake ndiye aliyefagia kanisa hilo, aliangalia magoti yake. Hilo nalo linanikasirisha, lakini leo nina jambo lingine.

Mwaka huu mchungaji akatangaza kwamba wote walio katika hali hiyo watafungishwa ndoa pamoja, Jumamosi moja, baada ya zile kazi za jumuiya za asubuhi. Papa Anselme alilipokea tangazo kwa mashaka. Nilimsikia jikoni akiuliza atamwoaje mwanamke ambaye tayari anajua kila jino lake bovu.

"Utanioa hivyo hivyo," Mwavita akamjibu. "Na picha tutapigia mu bustani."

Bustani aliyoisema ni ile ya mimea, chini ya mlima wa Kiriri, pale mji unapoanza kupanda kuelekea kwenye majumba ya wakubwa na mabalozi. Harusi isiyopitia pale huonekana kama imesahau kitu. Maharusi wakitoka kanisani, magari yao yanapanda huku taa zimewashwa mchana kweupe, wanapigwa picha kwenye safu ya michikichi mirefu, kando ya bwawa la mayungiyungi, halafu ndipo wanashuka ukumbini, ambako sisi wengine tunawasubiri na njaa zetu. Wanaofika bustanini ni wale wenye nafasi kwenye magari. Mwavita hakuwahi kuwa na nafasi hiyo. Wakati huo alikuwa anapanga sahani. Amekulia katika mji huu, mume wake amejenga kuta za majumba mengi ya Kiriri, lakini majani ya bustani ile hajawahi kuyakanyaga. Alitaka kitu kimoja: picha moja, ndani ya bustani, yeye akiwa katikati.

Nikamwambia ni jambo rahisi. Langoni kuna kibao, nimekisoma mara nyingi nikipita: bustani ya umma, wazi kwa wote, kila siku, kuingia ni bure. Hakuna wa kuombwa. Siku ikifika mnaingia, mnapiga picha, mnatoka.

Aliniangalia kama anayemwonea huruma mama yangu.

"Moïse, we umesoma, lakini nani alikulea? Mutu anaingia kwa batu hivi tu, kama mbuzi?"

"Si kwa watu, Mama Benite. Ni mali ya umma. Umma ni wewe."

"Kama ni mi, yule mwenye kukaa pa mulango na fimbo ni nani?"

Kwa Mwavita, na kwa wengi wa huku kwetu, kutembelea kuna utaratibu wake. Huendi ghafla. Kwanza unakwenda kubisha hodi, yaani kumjulisha mwenyeji kwamba utakuja, na hubishi hodi mikono mitupu. Unapeleka kikapu chenye kitu, kimefunikwa kitambaa safi. Mwenyeji anapokea na kubaki na kikapu. Siku atakapokirudisha, hakirudishi kitupu. Ataweka chochote, hata maharage ya kujaza kiganja, na hilo ndilo jibu lake. Kikapu kikirudi kitupu, basi nyinyi si watu wa kutembeleana tena. Ni desturi nzuri. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na walioipokea kwa mikono miwili kisha wakaifanya kamba ya kumfungia aliyeileta.

Tulikwenda siku ya kazi, mchana, baada ya vipindi vyangu. Tulitembea kwa miguu, maana mafuta yalikuwa yamekauka mjini na kwenye vituo vya basi watu walisimama kwa mistari kama wanaosubiri hukumu. Mwavita alikuwa amejaza unga wake mweupe kabisa kwenye kikapu chenye mistari myeusi alichofumiwa na marehemu mama yake. Alikibeba kichwani bila kukishika, njia nzima, akinisimulia jinsi Benite atakavyomshonea gauni.

Tulipokaribia lango, lilikuwa wazi. Wanafunzi waliingia na madaftari yao bila kugeuza shingo. Mzungu mmoja akapita na mbwa. Askari wa lango, Mrundi wa makamo aitwaye Sylvère, alikuwa amejikunyata kwenye kiti cha plastiki, na hakuna aliyemwona. Mwavita alimwona. Alipiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kirundi, akamuuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, za mvua iliyoharibu barabara ya kwao. Sylvère alinyooka mgongo. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza hayo kwenye kiti kile. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

"Tumekuja kubisha hodi," Mwavita akasema, akimkabidhi kikapu. "Jumamosi ya harusi yangu tutakuja kubatembelea hapa, tupige picha moja. Nimeona si vizuri tuje bila kubaambia."

Sylvère aliangalia kikapu. Akamwangalia Mwavita. Akageuka kuliangalia lango nyuma yake, lililokuwa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Hapo nikaona kitu kikipita usoni mwake. Aliyekuwa mlinzi akawa mwenye nyumba. Alikohoa, akaweka kofia sawa, akasema harusi si jambo dogo, ni lazima azungumze na wakubwa, mama arudi baadaye apewe jibu. Kikapu akakiingiza kibandani mwake.

Nilitaka kumsomea kibao chake pale pale. Mwavita alinivuta mkono. Njiani alikuwa na furaha, akasema kikapu kimebaki, maana yake mazungumzo yameanza vizuri. Mimi nilikuwa nawafikiria wale wanafunzi na yule mbwa. Mbwa aliingia bila kubisha hodi.

Tuliporudi kuchukua jibu, mkuu wa bustani hakuwepo. Tuliporudi tena, alikuwepo lakini ana wageni. Kila tulipofika Sylvère alitupokea kwa uchangamfu zaidi, na kila mara lango lilionekana kuwa lake zaidi. Sokoni habari zilikuwa zimeenea. Wauza mboga walimtania Mwavita kila asubuhi, wakimwita bibi-arusi, wakimuuliza kama magoti yake yatafika Kiriri. Akawajibu kwamba magoti mabovu ni ya Anselme, na ikibidi atambeba mgongoni na picha ipigwe hivyo. Nyumbani Benite alikuwa ameshakata kitambaa cha gauni. Sketi ilipokuwa ndefu mno, Mwavita alikataa ipunguzwe. Alisema gauni la kuburuta ndilo linalopendeza kwenye majani.

Mwishowe tuliingizwa kwa mkuu, Madamu Annick, katika chumba chenye feni na picha kubwa ya bustani yenyewe ukutani, kana kwamba dirisha halikutosha. Hakuwa mkali. Alitukaribisha viti, akatabasamu, akauliza msafara wa harusi utakuwa na magari mangapi.

Mwavita alimwambia hakuna gari. Watakuja kwa miguu pamoja na kwaya.

Tabasamu halikutoka, ila lilipungua. Madamu akaeleza kwamba Jumamosi hiyo kuna harusi kubwa ya familia ya hapo juu Kiriri, kwamba wapiga picha wao hawapendi watu wa kupitapita nyuma, kwamba harusi za miguu huja na watu wengi, ngoma, watoto, maganda ya ndizi. Alisema yote hayo kwa sauti ya daktari anayekueleza ugonjwa wako.

Hapo nikashindwa kukaa kimya. Nilimwambia langoni kwake kumeandikwa kwamba bustani iko wazi kwa wote, kila siku, na kwamba hakuna mstari unaotaja magari. Nilimwambia Mzee Anselme analipa kodi kama hao wa Kiriri, na kuta za nyumba zao amezijenga yeye. Nilisema mengine pia, na sauti yangu ilisikika mpaka nje.

Madamu Annick alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Kijana, kama ni ya wote, kwa nini mmekuja kuniomba?"

Nimesoma vitabu vya sheria na vya historia, nimebishana na wahadhiri, lakini pale nilikaa kama mtoto. Maana mwanamke yule alikuwa amesema jambo la kweli kwa nia mbaya. Mwavita aliomba kwa sababu ana adabu. Kwa kuwa aliomba, ikawa kuna wa kumnyima. Laiti angekuja kama yule mbwa, nani angemzuia? Nchi yetu imejaa vitu ambavyo ni vyetu, na kila kimoja kina mtu anayesubiri tumwamkie kwanza ili apate kukimiliki.

Madamu aliona ameshinda, akawa mkarimu. Akasema basi, waje, atamwambia Sylvère awatafutie sehemu. Mwavita alimshukuru, akamtakia heri na watoto wake. Njiani hakusimulia chochote kuhusu gauni.

Jumamosi ilifika. Asubuhi Anselme alishika jembe pamoja na mtaa mzima kuzibua mtaro, akarudi na matope mpaka kwenye nyusi, akaoga, akavaa suti ya kijivu yenye mabega mapana aliyoinunua mtumbani. Ndoa zilifungwa kwa mkupuo. Mchungaji alisoma majina kama mwalimu anayeita darasa, na wakwe na wajukuu wakapiga vigelegele. Kisha wengine walibaki uani kunywa fanta, na Mwavita akakusanya gauni lake mkononi, akamwambia mumewe twende.

Tulitembea kutoka Kinama kuvuka mji mzima, maharusi mbele, Benite akishika pindo la gauni la mama yake, kwaya nyuma na ngoma moja. Watu walisimama barabarani kupiga makofi. Waendesha baiskeli walimwita Anselme kijana. Mjini, mbele ya duka la vitambaa, mwenye duka, Thabit, mzee wa familia ya Kiarabu iliyofika hapa zamani za babu zake, alituona kwa mbali. Akatoa benchi, akawakalisha maharusi wapumzike, akawanyunyizia marashi mabegani kama wafanyavyo kwao, akawaombea dua. Hakuuliza tuna magari mangapi.

Langoni magari meupe yenye riboni yalikuwa yamepangana mpaka barabarani. Sylvère alikuwa amevaa kofia mpya. Mwavita alianza kumwamkia, naye akakatiza salamu, macho yake yakiwa kwenye viatu vyetu vilivyojaa vumbi.

"Mama, apana hapa. Muzunguke ku nyuma. Nitawafungulia."

Tulimfuata kando ya ukuta, kwenye njia ya mtaro, tukiinua gauni lisiguse maji. Nyuma kabisa kulikuwa na mlango mdogo wa bati. Alipoufungua, tuliona rundo la majani yaliyofyekwa, yameoza yakitoa mvuke, magunia yaliyochanika, toroli bovu. Mbele ya rundo, uzio wa mianzi ulikuwa umezuia kila kitu. Michikichi tuliiona vichwa tu, kwa mbali, na vicheko vya wale wengine tulivisikia.

"Mutapigia hapa," Sylvère akasema. "Kuko majani vilevile."

Anselme aliliangalia rundo, akaangalia miguu yake iliyovimba ndani ya viatu vya kuazima, akasema kwa upole kwamba picha ni picha, wapige waende. Mwavita alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Hakuvuka.

"Mi siko mwizi, Sylvère," akasema. "Hodi sikuibisha ku mulango ya nyuma."

Akageuka. Tukageuka naye. Safari ya kurudi ngoma haikulia. Kinama walikuwa wanatusubiri na wali na samaki wa mukeke wa kukaanga, na Mwavita alicheza, tena alicheza vizuri, akamchezesha Anselme mpaka suti ikalowa. Jumapili alipokea meza ya Bwana kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima. Lakini ukuta juu ya kabati ulibaki vile vile, na gauni lilifuliwa likakunjwa na kuwekwa ndani.

Mimi nilikuwa nawaka. Nilimwambia tukaongee redioni. Nilimwambia nitawakusanya wanafunzi wangu wakubwa tukasimame langoni. Alikuwa anachekecha unga, akasema nikifungwa yeye ndiye atakayeniletea chakula, na sokoni atamwacha nani. Nikakasirika zaidi. Ilionekana kwangu kwamba amekubali, na hakuna kinachonitia hasira kama watu wema wanaokubali.

Zilipita wiki kadhaa. Jioni moja aliniita kupitia ukuta, kama anavyofanya anapohitaji chumvi.

"Moïse. Ule madamu aliuliza, kama ni ya bote, juu ya nini tunaomba."

"Namkumbuka."

"Ile neno nimelala nayo kila siku. Sasa nimepata jibu yake." Nilisikia chekecheo likiwekwa chini. "Kesho mchana hauna masomo? Chaji simu yako."

Ilikuwa Jumatano. Alivaa gauni jeupe lote, na pindo lake, na kitambaa cha kichwa. Safari hii hakubeba kitu kichwani. Anselme alikuwa na kazi ya ukuta huko huko Kiriri, kwa hiyo alishuka kutukuta njiani, koti la suti na tai juu, suruali yenye saruji chini. Alinionyesha kiuno chake kwa kiganja, akaniambia picha nikate pale.

Lango lilikuwa wazi. Sylvère alikuwa kwenye kiti chake. Alipomwona mwanamke mwenye gauni la harusi siku ya Jumatano alisimama, akaanza kutabasamu, akasubiri.

Mwavita alimpita.

Msomaji ambaye si wa huku anaweza asielewe. Mwavita anaamkia kila mtu. Anaamkia wendawazimu, polisi, watoto wanaolia, watu wanaomdai. Sijawahi kumwona akipita mbele ya mtu bila kusimama. Siku hiyo alipita mbele ya Sylvère kama wanavyopita wanafunzi, shingo sawa, gauni likiburuta vumbi la lango.

"Mama Benite," Sylvère akaita nyuma yetu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Hata salamu?"

Hakugeuka. Anselme, ambaye ni mpole kuliko sisi sote, alifungua mdomo ajibu, mkewe akamfinya.

Ndani, mambo hayakuwa kama kwenye albamu. Majani yalikuwa na mabaka. Bwawa lilikuwa limepungua mpaka bomba lake likaonekana, na mayungiyungi yalikuwa machache, yamelala upande mmoja kama watu waliochoka kusubiri. Mwavita alisimama, akatazama pande zote.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu," nikasema.

"Na walinizungusha hivyo kwa hii." Akacheka mpaka akamshika Anselme bega. Halafu akafuta macho, akamweka mumewe mahali pake chini ya michikichi, akasimama katikati, akaniambia nipige.

Nilipiga kadhaa. Katika ile nzuri kuliko zote, Anselme amefumba jicho moja na Mwavita anaangalia moja kwa moja mbele, ametulia. Wakati ule ule Sylvère alikuwa amefika anahema, ameshika kikapu cha mistari myeusi. Nadhani alitaka kukirudisha ili yaishe.

"Mama, ungeniambia tu kwamba unakuja."

"Nilikuambia," Mwavita akasema. "Kwa adabu yote. Lakini hodi inabishwa kwa mwenye nyumba, na hii haiko nyumba yako. Haiko ya madamu pia. Nilikosea mulango." Alinyoosha mkono, akapokea kikapu, akainua kitambaa, akaangalia ndani. Kilikuwa kitupu. Sote tulijua maana yake, na Sylvère alijua kuliko sisi, kwa sababu alitazama chini. Nilisubiri Mwavita amtukane. Nilimtakia matusi makubwa.

Akamrudishia kikapu.

"Hiki ni cha mama yangu. Hakirudi nyumbani kitupu. Weka hata jani."

Sylvère aliangalia kushoto na kulia. Pembeni yetu kulikuwa na kibao kingine, kidogo, kinachokataza kuchuma chochote, na kazi yake ndiyo hiyo, kulinda kibao hicho. Akakunja mikono ya shati. Akauendea mbugenvilia wenye maua uliopanda juu ya nguzo, akavunja tawi, akavunja la pili, miiba ikamchana, akayaweka kikapuni na kuyafunika kwa kitambaa. Alikirudisha kwa mikono miwili.

"Sasa," Mwavita akasema, akapiga goti kidogo kumwamkia kwa Kirundi, "amahoro, Sylvère. Nyumbani bote ni wazima?"

"Ni wazima, mama," akajibu.

Mimi bado sijamsamehe. Mwavita anasema hiyo ni kwa sababu nina vitabu vingi na sina kikapu hata kimoja. Huenda. Lakini kibao cha langoni bado kipo, na kila ninapopita naona watu wa kwetu wakisimama mbele ya kile kiti cha plastiki, kofia mkononi, wakijieleza. Wanasema wanatoka mbali, wanasema hawatakaa sana. Juzi ilikuwa familia nzima, bibi yao amevaa vizuri, na mama amebeba kitu kilichofunikwa kitambaa. Niliwaambia kwa sauti kubwa waingie tu, ni bure, ni yenu. Wakanitazama kama mtu asiyelelewa.

Picha ipo ukutani sasa, juu ya kabati. Benite aliiandaa kwa fundi wa fremu, na suruali ya saruji ilikatwa kama baba yake alivyotaka. Alitaka pia kukata upande wa kulia, kwa sababu pale pembeni, nusu ya uso wake ikiwa nje, ameingia Sylvère, ameshika kikapu kwa mikono miwili.

Mwavita alikataa.

"Mwache," akasema. "Kila picha ya harusi iko na mutu wa kushika vyombo."